Laptopu ya Marehemu

Sosthenes, katibu wa kikundi cha wamwagiliaji, alipoingia na daftari kwapani, Damari alikuwa anapangusa printa kwa mara ya tatu asubuhi ile. Printa haikuwa chafu. Vumbi la pumba halikosekani Rujewa, mashine za kukoboa mpunga zikiwa ng'ambo tu ya barabara, lakini printa ilikuwa na kitambaa chake cha kuifunika na tangu Julai haikuwa imefanya kazi yoyote. Aliipangusa ili anayepita asione kwamba amekaa bure.

Banda lile la stesheneri lilikuwa na meza mbili. Ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa ya Jailos, mume wake, aliyekuwa akipokea wateja na kuwachekesha. Ya nyuma, iliyotazama ukuta, ilikuwa ya Damari. Jailos alikuwa na miezi mitatu kaburini na Damari bado alikaa ya nyuma.

"Mama Eve, habari za hapa."

"Nzuri. Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Muhtasari wa kikao huu hapa, kurasa sita. Wilayani wanautaka Ijumaa, umepigwa chapa na umesainiwa."

Damari aliitazama meza yake. Katikati palikuwa na mraba wa ubao uliobaki mweupe, mahali laptopu ilipokuwa imekaa kwa miaka minne.

"Mashine bado," alisema, kwa sauti iliyomfanya Sosthenes ainame ndipo asikie.

"Bado iko wapi?"

"Ilikwenda na ndugu wa marehemu."

"Kwa hiyo ndugu wa marehemu ndio watakaopiga chapa mambo ya mfereji wetu?" Sosthenes alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Sikiliza, mama. Jailos aliniambia wazi. Alisema, katibu, mimi hapa ni mdomo tu, anayeandika ni yule kule nyuma. Kwa hiyo mimi nakujua. Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Alhamisi jioni nikipita nisione mashine, nakwenda kwa Clement pale stendi. Usininunie."

"Sitanuna."

Aliliacha daftari mezani. Hilo peke yake lilikuwa heshima, na Damari alilijua.

Laptopu ile aliinunua yeye. Kwao ni Ruaha Mbuyuni, na baba yake alikuwa amemwachia kipande cha shamba kando ya mto. Misimu miwili ya vitunguu ilitosha. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua, lakini Jailos alimwonyesha herufi zilipo na vidole vyake vikazikariri. Baada ya mwaka alikuwa anaandika barua za kuomba kazi za watu waliomaliza kidato cha sita.

Jailos alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwa Wanyakyusa mke hamkabili baba mkwe wake. Hasemi naye, hamtazami, halitamki jina lake. Akimwona anakuja anaacha njia na kuingia migombani mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wamelegeza, hasa wa mjini. Damari, ambaye kwao ni Mhehe, aliishika mila hiyo kuliko wenyewe. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, na alichekwa kwa hilo. Alipoolewa akakuta ukoo ambamo kujificha kwake kunaitwa adabu. Kwa miaka kumi na moja wakwe zake walimsifu kwa jambo ambalo lilikuwa woga tu.

Siku ya kuondoa matanga, nyumbani kwa mzee kule Tukuyu, wazee waligawa vitu sebuleni, na Damari alikuwa jikoni anaosha sahani. Ukuta ulikuwa mwembamba.

"Na kompyuta ya marehemu?" sauti moja iliuliza.

"Apewe Obeid, mdogo wake. Ndiye anayesoma chuo."

"Kuna mwenye neno?"

Damari alisimama na sahani mkononi. Neno alikuwa nalo. Lakini baba mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango wa jikoni, na ili neno lifike sebuleni lingepita mbele yake. Aliiweka sahani juu ya nyingine, taratibu, isilie.

Yeye alipewa godoro, baiskeli, na printa, kwa sababu printa haikuwa imepata nafasi kwenye gari la kutoka Rujewa. Na Eveline, binti yake wa miaka kumi, akaambiwa abaki kwanza kwa babu yake mpaka mama awe na kazi inayoeleweka.

*

Mchana ule alipiga simu Tukuyu. Alipokea mama mkwe.

"Ndaga, mama Eve."

"Ndaga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto mzima, usiwe na wasiwasi. Kashika namba nne darasani. Na jioni anamsomea babu yake. Macho ya mzee hayaoni tena herufi, basi Biblia yeye, karatasi za kanisa yeye, hata maandishi ya mfuko wa mbolea anasoma yeye. Hachezi mpaka amalize."

"Naomba kumsikia."

"Yuko kisimani na wenzake."

"Mama, nilikuwa naomba, Desemba shule zikifungwa, aje. Ahamie huku moja kwa moja."

"Hilo si langu, mwanangu. Hilo la mzee. Juzi kaniuliza, huyu huko Rujewa anafanya nini? Nikasema ana banda. Akasema, banda lenye nini? Sasa nimjibu nini mimi?"

"Mwambie..." Damari alianza, akashindwa kumalizia.

Miaka yote ile, kila alichotaka kimfikie mzee kilianza na neno hilo. Mwambie. Alimpa Jailos, au mama mkwe, au shemeji, na kilipofika kule kilikuwa kimeshapungua.

"Nimwambie nini?"

"Nitapiga tena, mama."

Kesho yake asubuhi baiskeli ilikuwa imepata mnunuzi, pamoja na magunia mawili ya mpunga aliyokuwa ameyaweka ya kula. Zilipatikana laki nne na thelathini. Mbeya kungekuwa na maduka mengi zaidi, lakini alikwenda Iringa. Obeid alikuwa Iringa, na laptopu alikuwa nayo. Damari alitaka tu akubali kazi zake zihamishwe kwenda kwenye mashine mpya: kadi za michango, mihtasari, barua zote alizozitengeneza miaka minne ili mteja akija abadilishe jina na tarehe tu. Na mtu wa chuo angejua kuchagua.

*

Obeid alimkuta getini pa chuo na hakumkaribisha ndani. Alikuwa mrefu kama kaka yake na alitembea kama kaka yake, na Damari alitazama pembeni.

"Kamwene, shemeji," alimtania kwa salamu ya kwao.

"Kamwene. Umekonda."

"Chakula cha huku, shemeji. Maharage ya Jumatatu unayakuta Ijumaa." Alicheka, akaangalia saa. "Enhe, ulisema unatafuta laptopu."

"Naitafuta. Na nilikuwa naomba na ile, nitoe kazi zangu."

Obeid alikwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu. Nyuma yake wanafunzi wawili walipita, mmoja akamwita, akamjibu kwa mkono bila kugeuka.

"Ile niliiuza."

Damari alimgeukia, akamtazama usoni.

"Ada, shemeji. Walitangaza asiyemaliza hafanyi mtihani. Mambo ya kaka niliyatoa kwanza, usifikiri nilitupa. Picha zake zote ninazo kwenye flashi, na nyimbo za kwaya."

"Na foda iliyoandikwa KAZI?"

"Ile niliiacha. Nilifungua nikaona ni barua za watu."

"Na MISIBA?"

"Ratiba za misiba ya watu, shemeji. Nikaona za nini."

Ya mwisho kwenye foda ile ilikuwa ratiba ya mazishi ya Jailos. Mchungaji alikuwa anaisubiri na hakukuwa na mtu mwingine wa kuiandika, kwa hiyo Damari aliiandika mwenyewe, jikoni, laptopu ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Uliuza wapi?" aliuliza.

"Kwa Nasri, karibu na soko. Twende. Na nyingine zipo palepale, nitakuchagulia."

*

Nasri alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia safi na miwani aliyoitundika kifuani. Duka lilikuwa jembamba, rafu pande zote mbili, laptopu zimesimamishwa wazi kama vitabu.

"Karibu, kaka. Leo unataka ya aina gani?"

"Ni ya shemeji yangu."

"Aa. Karibu, dada." Lakini alipouliza, alimwuliza Obeid. "Ya kazi au ya nyumbani?"

"Vyote," Obeid alijibu. "Kazi yenyewe ni kupiga chapa tu, haihitaji kubwa. Na nyumbani ni muziki, filamu."

Nyumbani palikuwa na kitanda, jiko la mkaa na vikombe vitatu, na viwili havikuwa vimeguswa tangu Julai. Damari aliacha jibu lipite.

Nasri alileta ya rangi ya fedha, nyembamba kama daftari. Inawaka kabla hujakaa vizuri, alisema. Kioo chake unakigusa kwa kidole. Obeid aliigeuzageuza, akataja vitu vya ndani yake kimoja kimoja, na Nasri akawa anaitikia, na wanaume wawili wakazungumza vizuri kwa muda bila kumhitaji mtu mwingine. Damari alikuwa ameshaiona ile yake.

Ilikuwa rafu ya chini. Bawaba ya kushoto ilifungwa waya, waya aliousokota Jailos. Kwenye kifuniko palikuwa na gundi yenye umbo la nyota, mahali Eveline alipobandika nyota na mtu akaibandua. Na kitufe cha A kilikuwa kimefutika kabisa, cheusi kitupu, kwa sababu Kiswahili kinaila A kuliko herufi nyingine zote na vidole vilivyoila vilikuwa vyake.

Aliinyooshea kidole.

"Ile, dada? Ile imechoka," alisema Nasri. "Sitaki uondoke hapa ukanilaumu." Lakini aliishusha, akachomeka waya, ikawaka. "Tumeisafisha yote. Haina kitu cha mtu."

Kwa kweli haikuwa na kitu. Palipokuwa na KAZI, na HARUSI, na MISIBA, palikuwa na picha ya mlima ambao Damari hakuujua. Alifungua ukurasa mtupu. Mdomo wake ulikuwa mkavu na alijua hautamsaidia. Akaweka vidole mahali pake.

Hii laptopu haikuwa ya marehemu, aliandika. Ilikuwa yangu. Niliinunua kwa vitunguu.

Akaisukuma kwa Obeid.

Obeid alisoma, midomo ikicheza. Nasri naye alikuwa ameshainama kusoma, kwa mazoea ya mwenye duka, na alipomaliza alikwenda kwenye rafu ya mwisho akaanza kupanga nyaya zilizokuwa zimepangwa.

"Shemeji," Obeid alisema chini chini. "Mbona hukusema?"

Damari aliivuta tena, akaandika. Baba alikuwa amekaa.

Mstari ule mfupi Obeid aliusoma kwa muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Yeye ni mtoto wa nyumba ile. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Si ungeniambia hata mimi, pembeni."

Ungemwambia? aliandika.

Nje mtu alikuwa akinadi mitumba, akirudia bei ileile kwa sauti ileile. Obeid alishika waya wa bawaba, akauachia.

"Nilikuwa na shida ya ada," alisema mwishowe.

Damari alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akafuta maneno yote, herufi moja baada ya nyingine kuanzia mwisho, mpaka ukurasa ukawa mtupu.

Nasri alirudi. Safari hii alimtazama yeye. "Dada, mimi niliinunua laki mbili. Ukiitaka, ichukue kwa hiyohiyo. Jambo kama hili silifanyii faida."

Laki mbili. Angerudi Rujewa na zaidi ya nusu ya fedha zake, na mashine ambayo angeiandikia akiwa amefumba macho. Alikipitisha kidole kwenye gundi ya nyota. Kisha akauchomoa waya wa umeme. Kioo kilizimika palepale, kama alivyojua kitazimika. Betri ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia. Mara ngapi umeme wa Rujewa ulikatika wakiwa ukurasa wa tatu, na Jailos akasimama mlangoni kumwomba mteja radhi. Banda lenye nini, mzee ameuliza. Lenye mashine inayokufa na umeme.

Aliirudisha rafuni mwenyewe, rafu ileile ya chini.

Kisha akaisogeza ile ya fedha, akaandika, akamgeuzia Nasri: Umeme wa kwetu unakatika sana. Betri inakaa saa ngapi?

Nasri alivaa miwani, akasoma, na akajibu taratibu, kama mtu anayejibu barua. "Hii, dada, saa tatu. Mpya ilikuwa tano. Sikudanganyi."

Ikifa?

"Iko ndani, imefungwa na skrubu ndogo. Anaifungua fundi. Kwenu kuna fundi?"

Hakuna.

"Basi ngoja," alisema Nasri, akapanda kistuli.

Aliyoileta ilikuwa nyeusi, nene, ya ofisi fulani ya Ulaya, na namba ya ofisi hiyo bado ilikuwa imebandikwa tumboni. Betri yake ilichomoka kwa kubonyeza kidole. Vitufe vilikuwa vimezama vizuri, vikirudi juu kwa nguvu. Na kifuniko kilikubali kulala nyuma kabisa, kikawa bapa mezani. Damari alikilaza, akakiinua, akakilaza tena. Wateja wake walipenda kuona majina yao yakitokea. Kwenye mashine hii mtu angesimama ng'ambo ya meza na kuliona lake.

"Shemeji, hiyo ni nzito kama jiwe la kusagia," alisema Obeid. "Watu watakucheka."

"Wacheke," alisema Damari, kwa mdomo.

Akaomba akae nayo bila umeme. Nasri alimpa kistuli na kona. Obeid alikuwa na kipindi, akaaga, akarudi hatua mbili na kuweka flashi mezani. "Picha za kaka," alisema. "Ni haki yako pia," akaondoka haraka kwa mwendo ule wa kaka yake.

Kwa saa mbili Damari alikaa kwenye kona ya duka la mtu, mjini ambako hakuna aliyejua jina lake, akaandika. Aliandika kadi ya mchango wa harusi, nafasi ya majina ikiwa wazi. Barua ya kuomba kazi. Muhtasari wa kikao, na ajenda zake tano. Hati ya kuuziana kiwanja. Wateja wa Nasri waliingia na kutoka, mmoja akauliza huyu ni mfanyakazi mpya, Nasri akasema ni mteja, anaijaribu betri. Kila kilichofutwa alikuwa nacho kwenye vidole, isipokuwa kimoja. Alipofika kwenye ratiba ya mazishi aliandika kichwa cha habari, akaacha.

Betri ilikuwa bado nusu. Nasri alitaja laki nne na ishirini, akamtazama, akasema laki nne.

*

Alhamisi alasiri Sosthenes alipita, akasimama mlangoni, akainama kuangalia ndani.

"Naona kuna jiwe jeusi huko."

"Karibu, katibu. Umebaki ukurasa mmoja."

"Siondoki. Nataka nione jina langu linatoka."

Damari alilaza kifuniko, na Sosthenes alisimama mikono mgongoni mpaka jina lake likatoka, chini kabisa, juu ya neno Katibu. Alilipa, akasifu wino, akatoka. Banda likawa kimya tena na mashine za mpunga zikarudi kusikika.

Ijumaa walikuja wawili. Jumamosi hakuja mtu. Jumapili baada ya ibada Damari alifungua banda ingawa haikuwa siku ya kazi, akaketi meza ya nyuma, akafungua ukurasa mtupu.

Kwa Baba yangu, Mzee, aliandika, vidole vikasimama.

Jina lile hakuwahi kulitamka. Fomu za kanisa alizijaza Jailos. Mtu akimwuliza alisema baba yake Jailos, au babu yake Eve, na wanawake wa Tukuyu walifurahi. Mila ilikataza kulitamka jina. Kuhusu kuliandika, hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Saulo, aliandika. Lilikaa pale kwenye kioo. Hakuna kilichotokea.

Maneno yalikuja haraka baada ya hapo, haraka mno. Aliandika habari za jikoni na sahani, na ukuta mwembamba. Aliandika mlinidhulumu. Alipofika hapo akakumbuka ni nani atakayeisoma barua hii. Macho ya mzee hayaoni. Ingesomwa jioni, kwa sauti, na Eveline, amesimama mbele ya babu yake na karatasi mkononi. Neno lile lingetoka kinywani mwa mtoto.

Alilifuta, akafuta na mengi yaliyolizunguka. Yaliyobaki alikata sentensi zake zikawa fupi. Kisha akaongeza ukubwa wa herufi, akaongeza tena, mpaka zikafanana na za kitabu cha darasa la nne.

"Kwa Baba yangu, Mzee Saulo. Shikamoo, Baba.

Mimi ni Damari. Hujawahi kusikia sauti yangu. Lakini barua zote za Jailos ulizosomewa miaka minne niliziandika mimi.

Ile kompyuta iliyogawiwa Julai haikuwa ya Jailos. Niliinunua kwa vitunguu vyangu vya Ruaha Mbuyuni. Sikusema kwa sababu ulikuwa umekaa.

Siidai. Nimenunua nyingine.

Uliuliza banda lina nini. Lina mashine, printa na kazi. Naomba mtoto wangu shule zikifungwa.

Eve, hapa pumzika kidogo. Kisha mwambie Babu asante kwa kusikiliza."

Printa ilitoa kurasa mbili, kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Paskalina, jirani yake muuza ndizi, alikuwa anakwenda Tukuyu kesho yake kufuata mzigo.

"Ya nani hii?" Paskalina aliipima bahasha mkononi.

"Ya babu yake Eve."

"Wewe? Unamwandikia mkwe?" Paskalina alimtazama juu mpaka chini. "Shauri yako. Nitampa mkononi, halafu nitakimbia."

*

Siku sita simu haikulia isipokuwa kwa matangazo ya kampuni ya simu. Damari alifungua banda asubuhi, akafunga jioni, akala akiwa amesimama. Flashi ya Obeid aliichomeka mara moja, akasikia kwaya ikianza, akaichomoa. Ikifika saa ya kumsomea babu alijikuta ametega sikio, kana kwamba kutoka Rujewa angesikia.

Jumapili iliyofuata simu ililia akiwa bandani.

"Mama? Shikamoo."

"Eve. Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nimeambiwa niseme kama ninavyoambiwa, nisiongeze." Nyuma ya mtoto kulikuwa na sauti ya mwanaume, nzito, ya Kinyakyusa. Damari alisimama. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kurudi nyuma, kama vile kuna migomba ya kuingia. "Babu anasema barua imesomwa mara mbili."

"Ndiyo."

"Anasema, zile barua za baba, alikuwa anashangaa. Anasema baba alipokuwa shule alikuwa anaandika kama kuku kapita."

Damari aliziba mdomo kwa kiganja.

"Anasema la kompyuta lingesemwa siku ile." Ile sauti nzito ilisema tena, polepole zaidi. "Anasema, lakini ni kweli alikuwa amekaa."

"Eve, muulize... mwambie Babu..."

"Anakusikia, mama. Ameniambia niweke sauti kubwa, wote tusikie."

Damari alitazama simu iliyokuwa mkononi. Mzee ameshasikia lile neno umekula. Amesikia ndiyo. Miaka kumi na moja, na yalikuwa yameshatoka, maneno ya kawaida tu ya mama na mtoto, na yalikuwa kule, sebuleni, mbele ya kile kiti.

"Mama, upo?"

"Nipo," alisema, na akalisema kwa sauti ya kufika.

Kisha ile sauti ikaendelea, na mtoto akaifuata.

"Anasema shule inafungwa tarehe tano mwezi wa kumi na mbili. Tarehe saba nakuja. Anasema hanitumi na mtu. Atanileta mwenyewe, alione hilo banda. Mama, salio la bibi lina..."

Simu ikakatika.

Damari alipiga, haikuita. Akasubiri ipigwe, haikupigwa. Barabara ilikuwa tupu kwa sababu ya Jumapili, mashine za mpunga zimezimwa, na kwa Paskalina ndizi zilifunikwa gunia. Alilitazama banda lake kama mgeni. Mabati pande tatu, meza mbili, printa, mlango mmoja. Hakukuwa na pa kutokea nyuma.

Alisimama katikati kwa muda. Kisha akaikunja mashine nyeusi, akaikumbatia kwa sababu ya uzito wake, akaipeleka kwenye meza ya mbele. Akarudi kuchukua printa. Akapangusa kiti cha Jailos kwa kitambaa cha printa, akakikalia, na ikawa kwamba ukikaa pale unaiona barabara yote, mpaka inapopinda. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Alikilaza kioo cha mashine, akafungua ukurasa mtupu, akakaa akiutazama mlango.